Habari Itangulie Mchango

Mwongozo huu ni wako, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali, na ni wako pia mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu wa darasa, na mzazi uliyechaguliwa kuwasemea wenzako. Unahusu kazi ambayo haimo kwenye ratiba ya vipindi lakini hugusa kila kipindi: kuhakikisha kwamba yanayofanyika shuleni, na yanayopatikana shuleni, yanajulikana nyumbani mapema.

Anza na ukaguzi mdogo. Kusanya kila ujumbe ambao shule yako iliupeleka kwa wazazi muhula uliopita: barua, meseji, matangazo ya ubaoni, maagizo waliyopewa watoto mstarini. Ugawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ule uliomtaka mzazi atoe kitu au aje kujibu kosa la mwanawe. La pili ni ule uliompa mzazi kitu: tarehe ya kupanga mambo yake, huduma ya bure, sifa ya mtoto, maelezo ya fedha. Shule nyingi zitakuta fungu la pili ni dogo mno. Hiyo ni sababu kubwa ya viti vitupu siku ya mkutano. Mzazi aliyezoea kuitwa kwa mchango au kwa kosa hujifunza kuukwepa ujumbe wa shule, hata ule ambao ungemfaa. Si kwamba hajali elimu. Anaogopa kudaiwa mbele ya majirani fedha ambazo hana.

Kwa hiyo weka kanuni moja kwa mwaka mzima: kabla shule haijaomba chochote, iwe imekwisha kutoa habari yenye manufaa. Yanayofuata hapa ni namna ya kuitekeleza.

Kwanza, sema wazi nini ni bure na nini si bure

Tangu Januari 2016 elimumsingi katika shule za umma Tanzania Bara hutolewa bila ada. Miaka imepita, na bado zipo familia zinazoamini kwamba serikali hulipia kila kitu, na zipo nyingine zinazoamini kwamba mtoto asiyelipa mchango hana nafasi darasani. Imani zote mbili zinaumiza. Ya kwanza inamfanya mzazi aone kila ombi la shule ni wizi. Ya pili inamfanya mama abaki na mtoto nyumbani kwa sababu ya shilingi elfu mbili.

Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 uligawa majukumu haya. Mzazi anabaki na sare za shule na za michezo, madaftari na kalamu, chakula cha mtoto wa kutwa, na gharama za matibabu yake. Serikali inabeba ruzuku ya uendeshaji, vitabu, mitihani na mishahara. Michango ya hiari inaruhusiwa kwa utaratibu maalumu, lakini hairuhusiwi kuwa sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani. Andika mgawanyo huo kwenye karatasi moja, kwa herufi kubwa, na umpe kila mzazi anapokuja kuandikisha mtoto wa awali au wa darasa la kwanza. Uandikishaji huo hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka, na ndiyo nafasi ambayo karibu kila mlezi mpya hufika ofisini kwako kwa miguu yake mwenyewe. Usiiache ipite kwa kujaza fomu tu.

Ukishasema hivyo, heshimu ulichosema. Neno "hiari" kwenye barua halina maana ikiwa majina ya ambao hawajatoa yatasomwa mstarini.

Fedha za shule ziwe ubaoni

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo uaminifu wote unapojengwa au kubomoka.

Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imepangwa kwa kiwango cha Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika utaratibu ulioanza 2016, Sh 4,000 kati ya hizo hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na Sh 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule. Mzazi anaposikia "ruzuku inakuja kila mwezi" bila tarakimu, anawaza mamilioni. Mpigie hesabu. Shule yenye watoto 600 hupata, kwa kiwango hicho, Sh 3,600,000 kwa mwaka, yaani Sh 300,000 kwa mwezi. Kutoka humo zinunuliwe chaki, karatasi za majaribio, vifaa vya michezo, na mlango wa choo utengenezwe. Mzazi anayeijua hesabu hiyo ataelewa kwa nini kamati inazungumzia dawati lililovunjika. Asiyeijua atauliza tu fedha za serikali zimekwenda wapi, na ana haki ya kuuliza.

Taratibu za matumizi ya ruzuku zinataka mapato na matumizi yabandikwe mahali pa wazi. Usibandike taarifa ya kihasibu iliyojaa vifungu na namba za vocha. Andika kwa mkono, kwa kalamu nene, sentensi fupi: mwezi huu tumepokea kiasi hiki, tumenunua hiki kwa bei hii, dukani kwa muuzaji huyu, kimebaki kiasi hiki, mwezi ujao tumepanga hiki. Weka sahihi ya mwalimu mkuu na ya mwenyekiti wa kamati. Mwezi ambao hamkupokea kitu, andikeni kwamba hamkupokea kitu. Ubao wenye pengo huzua maneno kuliko ubao wenye habari mbaya.

Na ubao wenyewe uwe wapi? Shule nyingi huuweka ukumbini karibu na ofisi ya mwalimu mkuu, mahali ambapo mzazi hafiki mpaka awe ameitwa. Uhamishie ukutani karibu na lango, chini ya paa dogo la kuzuia mvua, kwa kimo cha macho ya mtu mzima. Anayemleta mtoto wa awali asubuhi atausoma akiwa amesimama. Karatasi iliyopitwa na wakati iondolewe siku hiyohiyo. Mpe mwalimu mmoja kazi hiyo kwa jina, kwani kazi ya wote hubaki bila mwenyewe.

Vilevile ubao huo uhusu chakula. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi uliotolewa mwaka 2021 unawashirikisha wazazi katika kupanga na kuchangia chakula cha shuleni. Pale ambapo wazazi wamekubaliana kutoa mahindi na maharage, ubandike idadi ya madebe yaliyoingia, yaliyotumika na yaliyobaki stoo. Alika mzazi mmoja kila wiki, kwa zamu, ashuhudie upimaji wa nafaka kabla haijaingia jikoni. Hii haigharimu chochote, na itakata minong'ono mingi kuliko hotuba yoyote.

Kalenda ya muhula, ukurasa mmoja

Wiki ya kwanza ya kila muhula, kila nyumba ipate ukurasa mmoja wenye tarehe. Siku ya kufungua na kufunga, likizo fupi, wiki za majaribio, siku ya mkutano wa wazazi, michezo ya UMITASHUMTA kwa watakaochaguliwa, mahafali. Kwa darasa la saba, onyesha mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wa mwezi Septemba. Kwa darasa la nne, upimaji wa kitaifa. Mzazi mkulima hupanga palizi na mavuno kwa miezi. Akijua mapema kwamba wiki fulani ni ya mtihani, hatamchukua mtoto akalinde ndege shambani wiki hiyo.

Yako mambo makubwa ya kisera ambayo pia yanastahili kuingia kwenye ukurasa huo, kwa lugha nyepesi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imepanga elimu ya msingi iwe ya miaka sita. Kwa mpangilio uliotangazwa, mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja. Fikiria nyumba yenye mtoto katika kila moja ya madarasa hayo mawili: sare mbili za sekondari, mabegi mawili, maandalizi mawili kwa mara moja. Familia hiyo inahitaji kuambiwa leo ianze kuweka akiba, si wiki ya matokeo.

Huduma zinazopita shuleni

Serikali huzitumia shule kufikisha huduma za afya. Dawa za minyoo na kichocho hugawiwa madarasani. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, iliingizwa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana, na sehemu kubwa hutolewa shuleni. Hapa ucheleweshaji wa habari hugeuka madhara. Mtoto akirudi nyumbani na kusema "tumechomwa sindano leo", na mama hajui sindano gani, jioni hiyohiyo mtaa mzima utakuwa na maelezo yake, na mengi yatakuwa ya uongo. Uvumi kwamba chanjo inaua uzazi hustawi pale ambapo shule imekaa kimya.

Fanya hivi. Ukipata ratiba kutoka kituo cha afya, mwalike mhudumu wa afya kwenye kikao cha wazazi kabla ya siku yenyewe. Yeye ndiye aeleze na kujibu. Wewe kaa pembeni yake. Waalike na viongozi wa dini, si kwa ajili ya kupiga dua ya kufungua, bali wasikie na waulize kama wazazi wengine. Wakiridhika, msikitini na kanisani habari itasemwa na watu wanaoaminiwa. Kisha tuma ujumbe wa simu. Kwa dawa za minyoo na kichocho, kwa mfano, unaweza kuandika hivi:

"Wazazi darasa la 3: Ijumaa 14 Machi watoto watapewa dawa za minyoo na kichocho hapa shuleni, bure. Mtoto ale nyumbani kwanza. Swali: piga", na namba ya shule.

Angalia ulivyo. Umesema nani anahusika, lini, nini, wapi, bei gani, mzazi afanye nini na aulize wapi, na bado unaingia ndani ya herufi 160 za meseji moja, hivyo hautagawanyika wala kulipiwa mara mbili. Sentensi ya "mtoto ale nyumbani kwanza" ndiyo ya muhimu kuliko zote, maana watoto wanaomeza dawa hizo na njaa hupata kizunguzungu na kichefuchefu, na hofu huenea shuleni kote. Salamu ndefu na "uongozi wa shule unapenda kuwatangazia" viache kwenye barua rasmi.

Zipo pia nafasi ambazo familia hazijui kwamba zipo. Mtoto aliyekosa shule katika umri wake anaweza kusoma katika vituo vya MEMKWA. Tangu mwaka 2021, wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurejea kwenye mfumo rasmi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure. Mzazi mwenye simu janja anaweza kufungua kitabu kilekile anachotumia mwalimu. Mtoto mwenye ulemavu anaweza kuwa na shule yenye kitengo cha elimu maalumu katika halmashauri yenu, na afisa elimu kata atakuelekeza ilipo. Kila moja ya habari hizi hugusa nyumba chache tu. Ndiyo maana haifai kuirusha kwa wote ikapotea. Ipeleke kwa nyumba inayohusika, kwa sauti ya chini, mtu kwa mtu. Msichana aliyejifungua hatarudi shuleni kwa sababu ya tangazo. Atarudi kwa sababu mwalimu wa kike alikwenda kukaa na mama yake.

Njia za kufikisha

Mtoto ndiye tarishi wa kale na bado anafaa, ila asibebeshwe ujumbe wa mdomo. Wa darasa la kwanza atasahau, wa la sita atachagua cha kusema. Andika kwenye daftari, mzazi aweke sahihi au dole gumba, na mwalimu wa darasa akague kesho yake. Madaftari ambayo hayakurudi na sahihi yatakuonyesha nyumba ambazo habari haikufika.

Simu ya kitochi hufika mbali kuliko simu janja. Wengi huanza na kundi la WhatsApp kwa sababu ni rahisi, kisha hudhani wamewafikia wote. Hesabu: darasa lina watoto 90, kundi lina wazazi wangapi? Waliobaki ndio mara nyingi wenye uhitaji mkubwa, kwa kuwa hawana bando wala simu ya kuliwekea. Kundi libaki, lakini liwe nyongeza. Liwekee masharti machache: ni la habari za shule tu, walimu hawajibu usiku, siasa na biashara hazina nafasi, na kesi ya mtoto mmoja haijadiliwi mbele ya wazazi wengine. Matokeo ya majaribio yenye majina yasirushwe humo kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za watu, watoto wakiwamo. Na hata isingekuwepo sheria, hakuna mtoto aliyeanza kusoma vizuri kwa kuwa mtaa umejua ameshika mkia.

Kisha watumie watu. Mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, wauza maziwa, mama anayeuza maandazi karibu na lango, msimamizi wa gulio: hawa huonana na kila mtu. Mahali ambapo UWAWA, yaani Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, umeanzishwa, kila darasa liwe na wazazi wawili, mama na baba, wanaobeba nyumba kumi au kumi na tano kila mmoja. Kazi yao ni kupita nyumbani kwa wasio na simu na wasiosoma, na kurudi na majibu. Panapozungumzwa zaidi lugha ya nyumbani, Kisukuma, Kimaasai au Kihehe, mjumbe aeleze kwa lugha hiyo. Tangazo la Kiswahili fasaha halimsaidii bibi ambaye hakulielewa.

Na bibi ana nafasi yake hapa. Watoto wengi vijijini wanalelewa na bibi au shangazi huku wazazi wakitafuta riziki mjini au machimboni. Fomu ya uandikishaji iulize namba mbili: ya anayelala nyumba moja na mtoto, na ya anayetuma fedha za matumizi. Ujumbe wa mahudhurio uende kwa wa kwanza. Kalenda iende kwa wote wawili.

Mkutano wa wazazi

Usiupange siku ya gulio, wala Ijumaa karibu na swala, wala wiki ya kwanza ya mvua za kupandia. Tangaza wiki mbili kabla na ukumbushe siku mbili kabla. Anza saa uliyosema hata kama wamefika kumi. Ukisubiri, umewaadhibu waliowahi na kuwafundisha wachelewe safari ijayo.

Ajenda ya kwanza iwe watoto. Wazazi waingie madarasani, wakae kwenye madawati ya watoto wao, wafungue madaftari, na mwalimu awaonyeshe mtoto wa darasa hilo anatakiwa awe anaweza nini kufikia sasa: kusoma aya hii, kutoa hesabu hii. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwomba mwanawe amsomee palepale. Ripoti ya maendeleo kila mzazi akabidhiwe mkononi, kwa faragha. Baada ya hapo ndipo mkutano wa pamoja, taarifa ya fedha, na kama lipo ombi la mchango, lije mwisho, likiwa na makadirio ya bei na jina la atakayetunza fedha. Maswali yapewe muda kabla watu hawajachoka. Wanawake mara nyingi hukaa nyuma na kunyamaza mpaka wanaume wamalize; mwenyekiti awaite wao kwanza.

Swali ambalo halikujibika siku hiyo liandikwe, na jibu libandikwe ubaoni ndani ya wiki. Vilevile tenga saa moja maalumu, siku ileile kila wiki, ambayo mzazi yeyote anaweza kumkuta mwalimu mkuu bila kuitwa, na uiandike kwenye kalenda ya muhula. Mzazi akija, mpe kiti kabla ya kumuuliza shida yake.

Habari njema nazo zisafiri. Mwombe kila mwalimu wa darasa apige simu mbili kwa wiki kwa wazazi ambao watoto wao wamefanya jambo zuri: aliyeacha utoro, aliyejua kusoma, aliyemsaidia mwenzake mgonjwa. Dakika mbili zinatosha. Mzazi aliyepigiwa hivyo mwezi wa pili atapokea simu ya shule mwezi wa tano, hata ikiwa safari hii habari si nzuri.

Daftari libaki ofisini

Walimu huhamishwa. Mwalimu mkuu akiondoka na simu yake, mara nyingi huondoka na namba zote za wazazi, na anayekuja huanza upya kuzitafuta kwa mwaka mzima. Shule iwe na laini yake ya simu, na daftari lake la mawasiliano lililopangwa kwa darasa: jina la mtoto, jina la mlezi, namba mbili, kitongoji, lugha ya nyumbani, kama mlezi anasoma, na jina la mjumbe anayepita nyumba hiyo. Lihakikiwe kila Januari na kila Julai, kwa sababu watu hubadilisha laini. Lifungiwe kabatini, lisiachwe mezani wazi. Siku ya makabidhiano, laini na daftari viandikwe kwenye orodha ya mali za shule pamoja na funguo, mihuri na vitabu vya akaunti, mbele ya mwenyekiti wa kamati, na vyote viwili viwekewe sahihi.